Kabla hujarudi nyumbani kuzeeka, pima njia ya kwenda hospitali

Mwaka juzi, mwezi wa kumi na moja, kaka yangu mkubwa alinipigia simu kutoka Uingereza kunijulisha kuwa anarudi moja kwa moja. Ameishi huko miaka 31. Pensheni yake ya serikali ilikuwa imeanza kuingia, watoto wamekua, na nyumba aliyoijenga kijijini kwetu, juu milimani Upareni upande wa Same, ilikuwa imekamilika hadi mapazia.

"Nimechoka na baridi, mdogo wangu," alisema. "Nataka niamke nisikie majogoo."

Nilifurahi, maana nami nimemkosa. Kisha nikamuuliza swali ambalo hakulipenda: "Saa tisa usiku, mwezi wa nne, mvua inanyesha, kifua kimekubana. Unampigia nani simu, na huyo anakuja na gari gani?"

Akanyamaza kidogo. "Ninyi madaktari mna midomo mibaya," akasema, akaniaga.

Kaka ana shinikizo la juu la damu kwa miaka 14, kisukari kwa miaka tisa, na mwaka 2019 aliwekewa kifaa kidogo cha kupanua mshipa wa moyo ulioziba. Ukimwona hutajua. Anatembea wima, anakula vizuri, na akija likizo anapanda kile kilima cha kwenda kanisani bila kusimama, huku mimi niliye mdogo nikitafuta jiwe la kukalia. Ndiyo maana swali langu lilimuudhi.

Ndugu msomaji, safu hii hupokea ujumbe mwingi kutoka kwa Watanzania walioko ughaibuni. Wengi huuliza kuhusu dawa na vipimo. Wachache sana huuliza jambo ambalo kwa mtu wa miaka 60 na zaidi naliona kubwa kuliko dawa zote: nizeekee wapi? Hulichukulia kuwa ni suala la kiwanja, ndugu na pensheni. Mimi naliona ni suala la afya kwanza.

Agosti hudanganya

Wengi walioko nje huja nyumbani shule za huko zinapofungwa, Julai na Agosti. Upareni huo ni wakati wa kiangazi. Njia ni kavu, hewa ni nzuri, ndugu wamejaa, gari la kukodi liko mlangoni na dereva wake, na mgeni hana kazi ila kula na kusimuliwa habari. Akipima shinikizo la damu, linasoma vizuri kuliko alivyoliacha London. Anajisemea: kumbe ugonjwa wangu ulikuwa ni Ulaya.

Kuna ukweli ndani yake. Baridi hubana mishipa ya damu, na kwa watu wengi shinikizo huwa juu zaidi majira ya baridi kuliko majira ya joto. Mapumziko nayo ni dawa. Lakini wiki tatu za Agosti hazikuonyeshi masika. Hazikuonyeshi dereva akiwa hayupo, umeme ukiwa umekatika siku ya pili, wala duka la dawa lililo karibu likiwa limeishiwa dawa yako hadi Jumatatu.

Msimamo wangu nauweka mapema, ili asiyekubaliana nami aanze kujiandaa: mtu mwenye ugonjwa wa kudumu asichague mahali pa kuzeekea kwa kumbukumbu ya siku zake nzuri. Achague kwa kuwaza siku mbaya.

Siku hiyo mbaya naijua. Mwanzoni mwa 1998, wakati wa mvua za El Nino, baba yetu alianguka alfajiri akitoka kunawa uso. Nilikuwa nyumbani likizo, mwanafunzi wa udaktari mwaka wa tatu, na nilijua ninachokiona: mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia hauna nguvu, maneno hayatoki. Nilijua pia kwamba sina la kufanya. Barabara ilikuwa imekatika sehemu mbili. Vijana wanane walimbeba kwa kitanda cha kamba hadi chini, tukapata lori la mchanga hadi Same, na Same tukapata gari hadi Moshi, kilomita kama 100. Tulifika giza limeingia. Aliishi miaka miwili zaidi. Hakuandika tena, na alikuwa mwalimu.

Kaka alipata habari siku ya tatu, kwa simu ya duka la mjini. Njia ile anaijua kwa kusimuliwa tu.

Saa nne na nusu

Kiharusi kinachotokana na bonge la damu kuziba mshipa wa ubongo kina dawa ya kuliyeyusha bonge hilo, lakini hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Tena haitolewi kwa kukisia. Lazima mgonjwa apigwe kwanza picha ya CT-scan kuhakikisha kuwa si mshipa uliopasuka, kwa sababu dawa hiyo hiyo akipewa anayevuja damu kichwani inaweza kumuua. Kwa hiyo kuwa na zahanati hatua chache kutoka nyumbani ni jambo jema kwa mengi, lakini si kwa hili.

Enzi za baba dawa hiyo haikuwapo kwetu, hata tungepaa kwa ndege. Leo hospitali zinazoitoa nchini bado ni chache. Hata hivyo picha ya kichwa, usimamizi mzuri wa shinikizo, uuguzi unaomzuia mgonjwa asipaliwe na chakula kikaingia mapafuni, na mazoezi ya viungo ya mapema hupatikana katika hospitali za rufaa za kanda, na hivyo peke yake vinaokoa watu na kuwarudishia mikono yao.

Moyo nao hausubiri. Anayepata mshtuko wa moyo anahitaji mashine ya kusoma umeme wa moyo, dawa za mwanzo, na ikiwezekana mshipa kuzibuliwa mapema. Kwa kazi hiyo ya kuzibua, jina linalojulikana zaidi nchini ni Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Kwa saratani, tiba ya mionzi kwa miaka mingi ilikuwa Ocean Road peke yake, baadaye ikafika Bugando, Mwanza. Huduma zinasogea, lakini ramani yake bado ni ya miji mikubwa.

Kwa hiyo nawaambia wanaoniuliza: msihesabu kilomita, hesabuni saa. Tena saa za usiku, za masika, kwa gari mnalolijua na dereva ambaye mna namba yake. Kaka aliniambia kijijini hadi Moshi ni saa mbili na nusu. Nikamuuliza amewahi kuteremka lini mwezi wa nne. Hakuwahi, tangu 1993.

Kuna ugonjwa ambao hauhitaji hata siku mbaya ili uamue mahali pa kuishi. Msomaji mmoja aliyeko Ujerumani aliniandikia kwamba figo zake zimefeli, anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, karibu saa nne kila mara, na anataka arudi akafie kwao kijijini. Nilimjibu kwamba kijiji kisicho na mashine ndani ya mwendo anaoweza kwenda na kurudi mara tatu kila wiki, mwaka mzima, kitamtimizia neno la mwisho la barua yake haraka kuliko anavyodhani. Kama ni kurudi, arudi mjini penye huduma hiyo, aulize kwanza kama kuna nafasi, aulize gharama na nani atailipa, ndipo akate tiketi. Alijibu kwa hasira. Wiki mbili baadaye akaandika tena kuuliza miji.

Nyumba ya mtu wa miaka 45

Nyumba nyingi za walioko nje zilichorwa na watu wenye miaka 45. Mwenye nyumba alikuwa na magoti mazuri, na alijenga ili kijiji kione. Nyumba ya kaka ni ghorofa moja. Vyumba vyote vya kulala viko juu. Ngazi ni za vigae vinavyong'aa, vile ambavyo ukimwaga maji kidogo hugeuka sabuni. Bafu lina ukingo wa kuruka. Kutoka barabarani hadi kibarazani kuna ngazi 22 za mawe, nimezihesabu mwenyewe, na upande mmoja hauna cha kushika.

Kwa mzee, kuanguka ni ugonjwa. Mfupa wa nyonga ukivunjika katika umri wa miaka 70, kinachofuata mara nyingi si mfupa tu: ni kulala kitandani, vidonda vya mgongo, nimonia, bonge la damu mguuni. Wapo waliorudi kwa furaha, wakaingia katika nyumba ya ndoto zao, na ngazi ya nyumba hiyo hiyo ikawamaliza.

Marekebisho si ghali ukilinganisha na ghorofa lenyewe. Chumba kimoja cha kulala na choo cha kukaa viwe chini. Vigae viwe vya kukwaruza. Vyuma vya kushikia viwekwe bafuni na pembeni mwa choo, vimefungwa ukutani kwa bolti, si kwa gundi. Taa iwepo kati ya kitanda na choo, na taa ya chaji ya akiba, kwa sababu mzee anayemeza dawa za kukojosha ataamka usiku hata kama umeme haupo. Nilipompa kaka orodha hiyo alisema fundi atamcheka. Nikamwambia fundi ana miaka 28.

Mwili uliosahau malaria

Aliyekulia penye malaria hujenga kinga kidogo inayomsaidia asiugue vibaya kila anapoumwa na mbu. Kinga hiyo hupungua mtu akikaa miaka mingi mbali na ugonjwa. Mwili wa kaka kwa malaria ya leo ni kama mwili wa Mzungu, ila yeye hajioni hivyo. Akipata homa husema ni mafua ya safari, anameza panado na kusubiri. Kwa mtu wa umri wake mwenye kisukari, siku mbili za kusubiri zinatosha kuifanya malaria kuwa kali.

Milimani kwetu malaria ni adimu, na kwa ujumla mikoa ya Kilimanjaro, Arusha na Manyara ina maambukizi madogo kuliko Kigoma, Geita, Kagera, Tabora au Mtwara. Anayechagua kati ya kwao Kigoma na mji wa nyanda za baridi aliweke hilo kwenye mizani yake. Lakini hata wa milimani hushuka kwenda harusini Tanga na Dar es Salaam. Chandarua kila usiku, homa yoyote apimwe siku hiyo hiyo, na kabla ya kupewa dawa mseto amtajie mhudumu dawa zote za moyo anazotumia, kwa sababu baadhi hazipatani.

Kuhusu dawa za kila siku, nina mambo matatu tu. Kwanza, ondoka na barua ya daktari wako yenye majina halisi ya dawa, si majina ya biashara. Kidonge unachokijua kwa rangi na boksi lake huko, hapa kina jina jingine na rangi nyingine, na nimekutana na mzee aliyekuwa anameza amlodipini mara mbili kwa majina mawili tofauti, akishangaa kwa nini miguu imevimba. Pili, ulizia mapema kama dawa zako zinapatikana kwa uhakika mahali unapokwenda, na nunua kwenye maduka yaliyosajiliwa. Tatu, unapohama kutoka baridi kwenda joto la Dar es Salaam au Tanga, dozi iliyokufaa huko inaweza kukuzidi hapa. Joto hushusha shinikizo, mzee haisikii kiu vizuri, dawa za kukojosha nazo zinamkausha. Anasimama ghafla, kizunguzungu, chini. Mwezi wa kwanza pima shinikizo nyumbani na umwone daktari, usikae na dozi ya Ulaya kwa heshima.

Anayetumia insulini ajue kwamba akiba yake hutunzwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8 bila kuganda. Mahali ambapo umeme hukatika siku nzima si mahali pa kuweka akiba ya miezi mitatu.

Na kabla hujaondoka, maliza meno, maliza mtoto wa jicho, na uombe nakala ya mchoro wa umeme wa moyo wako, ule tunaouita ECG. Siku kifua kikibana, daktari wa hapa akiwa na mchoro wa zamani wa kulinganisha anajua upesi zaidi kilichobadilika.

Upande ambao sikuupima

Hadi hapa naonekana mtu anayewakataza watu kurudi. Shemeji yangu, mke wa kaka, ndiye aliyenirekebisha.

Shemeji alifanya kazi miaka mingi katika nyumba ya kulelea wazee huko Uingereza. Alinisimulia juu ya mzee mmoja wa kutoka pwani ya Kenya, aliyeishi Uingereza tangu ujana wake, akapata ugonjwa wa kusahau. Kiingereza chake kikaanza kupungua, kisha kikaisha. Hilo hutokea: ubongo unaposahau, lugha ya pili mara nyingi hutangulia kuondoka, ya utotoni hubaki. Kwenye jalada lake wahudumu walikuwa wameandika kwamba hazungumzi tena, hutoa sauti tu na kukataa kuoga. Shemeji alipohamishiwa zamu ya upande ule, usiku wa kwanza alimsikia. Alikuwa anaomba maji. Kwa Kiswahili safi, tena kwa adabu, akimwita kila anayepita "mwanangu".

"Sasa wewe daktari," shemeji akaniambia, "hospitali ilikuwa dakika kumi kutoka pale. Ilimsaidia nini?"

Sikuwa na jibu, na sina hadi leo. Upweke nao una madhara ya mwilini. Wazee wanaoishi peke yao bila wa kuzungumza naye hupoteza kumbukumbu na nguvu upesi zaidi, na mioyo yao haiko salama. Mzee anayesalimiwa "shikamoo" mara 30 kabla ya saa nne asubuhi ana kitu ambacho hakiuzwi dukani kokote. Kijijini, asipotoka nje hadi saa mbili, mtu atakuja kugonga. Huko Ulaya, shemeji anasema, wapo waliokutwa baada ya siku nyingi.

Lakini huyo huyo shemeji hakutaka kurudi. Ana wajukuu wawili Leicester, na mmoja ameanza kumwita bibi kwa Kipare kwa sababu yeye ndiye aliyemfundisha. Kaka alikuwa amepanga kustaafu kwake bila kuuliza kustaafu kwa mkewe. Nimeona ndoa za miaka 40 zikitikisika kwenye jambo hili, na presha zikipanda pande zote mbili za bahari.

Na tusidanganyane kuhusu kijiji. Mtu anayerudi kutoka Uingereza harudi kama mzee wa kawaida, anarudi kama benki. Ada za shule, michango ya harusi, bati la nyumba ya mjomba, yote yanasubiri mlangoni. Najua wawili ambao dozi zao za shinikizo niliziongeza ndani ya mwaka wa kwanza, na kwa mmoja nilitamani kuandika kwenye cheti: apumzishwe simu.

Pensheni inayosimama

Kwa nini daktari aandike habari za pensheni? Kwa sababu ndiyo itakayonunua dawa.

Pensheni ya serikali ya Uingereza hulipwa popote utakapohamia, lakini nyongeza ya kila mwaka haiendi kila nchi. Anayehamia Marekani, Jamaika, Ufilipino au Morisi huendelea kuipata. Anayehamia Tanzania, Kenya au Uganda haipati. Kiasi chake kinabaki pale pale kilipokuwa, mwaka baada ya mwaka, mpaka arudi kuishi Uingereza. Kwa anayestaafu na miaka 66, akiwa na 86 atakuwa anapokea kiasi kile kile alichoanza nacho, wakati bei ya vidonge haikusimama. Kaka hakulijua hili. Wengi hawalijui.

La pili: huduma ya afya ya huko, NHS, hutegemea kuishi, haitegemei ulichangia miaka mingapi. Ukihamia Tanzania moja kwa moja, huwezi kurudi kama mgeni na kufanyiwa upasuaji wa goti bure kwa sababu ulikatwa kodi miaka 31. Matibabu ya dharura kwenye chumba cha dharura hayalipiwi, lakini ukilazwa unaweza kupewa bili. Ukirudi kuishi tena kwa kweli, haki yako inarudi siku ile ile. Kwa walioko Marekani, Medicare kwa kawaida hailipi matibabu nje ya nchi hiyo, na anayeacha kulipia sehemu ya B kisha akarudi baadaye huongezewa mchango kama adhabu.

Upande wa hapa, Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na sera inatambua matibabu bila malipo kwa wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Aliyejenga ghorofa hatasadikika kuwa hana uwezo. Kampuni nyingi za bima huweka ukomo wa umri wa kujiunga, na nyingine hazilipii ugonjwa uliokuja nao. Kwa hiyo uliza bima ukiwa na 58, usiulize ukiwa na 68. Na kama ulichukua uraia wa nchi nyingine, nenda Uhamiaji kabla ya yote, maana kwetu uraia pacha hauruhusiwi, tofauti na Kenya ambako katiba ya 2010 inauruhusu. Haifai ukiwa umelazwa ndipo watu waanze kutafuta kibali chako cha kukaa.

Miezi mitatu ya masika

Baada ya simu nyingi, na moja ambayo hatukuagana vizuri, nilimwomba kaka jambo moja. Asiuze nyumba ya Leicester bado. Aje mwezi wa tatu, akae hadi wa tano, bila gari la kukodi na bila mimi.

Alikuja peke yake. Wiki ya kwanza alikaa kijijini, akanitumia picha za ukungu. Wiki ya tatu dawa ya kisukari iliisha Same mjini, ikabidi itumwe kwa basi kutoka Moshi. Wiki ya tano barabara ilifunga siku nne kwa maporomoko, na katika siku hizo nne kifua kilimbana usiku. Ilikuwa kiungulia, tulikuja kujua baadaye. Lakini usiku ule hakujua, wala mimi niliyekuwa Dar es Salaam na simu sikioni sikujua. Nilimwambia atafune aspirini, akae kitandani akiegemea mito, na asikate simu. Tulizungumza hadi kukapambazuka. Tulizungumza habari za baba. Ndipo kwa mara ya kwanza aliniuliza wale vijana wanane walikuwa akina nani, mmoja mmoja, na ni nani kati yao bado yu hai.

Sasa amepanga nyumba Moshi, ya chini, vyumba vitatu, dakika 15 kwa bajaji hadi hospitali ya KCMC. Kliniki yake ya moyo na ya kisukari zote ziko pale. Kijijini hupanda kiangazi, hukaa wiki mbili tatu, hulala chumba cha chini ambacho zamani kilikuwa stoo. Shemeji hukaa naye miezi kadhaa kisha hurudi kwa wajukuu. Hawajaamua nani atahamia kwa nani, na nyumba ya Leicester bado haijauzwa. Ghorofa la kijijini sasa wanaishi binti wa shangazi na wanawe, na ngazi za mawe zimewekewa bomba la kushika.

Wiki iliyopita alinipigia, na kabla sijamaliza kumwamkia nilijua ana hasira. Rafiki yake wa utotoni, mmoja wa wale wanane, amefariki kijijini. Mvua ilikuwa imekata njia, gari lililombeba lilikwama nusu ya safari, wakamzika bila yeye.

"Wewe ndiye uliyeniweka huku," alisema.

Nilimpa pole. Sikuwa na lingine. Tukakaa kimya kidogo, nikasikia pikipiki zikipita nje ya nyumba yake.

"Umepima leo?" nikamuuliza.

"Mia moja thelathini na sita kwa themanini na mbili," akasema. "Njia ikifunguka Jumamosi napanda kwenda kuhani. Na usinipigie kila saa."